Nambari ya Baba

Shule ya binti yangu hapa Brooklyn Park, Minnesota, imetutumia wazazi barua ndefu ya kutueleza faida za kazi ya kwanza. Ati mwanafunzi akifanya kazi saa chache kwa wiki, atajifunza kuamka mapema, kuzungumza na wakubwa na kutunza pesa. Niliisoma ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikacheka peke yangu. Kuamka mapema? Wanamwambia mtu wa Nyamira, kule Kenya?

Siku yetu ilikuwa Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na hakuna wa kugusa chai. Umande haujakauka, tayari uko shambani, kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, na mama nyuma yako anakuhimiza kwa ulimi usiopumzika. Kuzungumza na wakubwa tulijifunzia senta, pale chai inapopimwa na kununuliwa. Karani akikuta majani magumu, anayamwaga chini mbele ya watu. Nawe unachutama, unayachambua, unarudi mwisho wa foleni bila kununa. Ukinuna atayamwaga tena. Wenzetu wa Tabaka walikuwa na lao, kusugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji mpaka vidole vikakunjamana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi. Aliyeiandika hakuwahi kupanda mlima kule Manga na kikapu kimejaa.

Na huku je? Binti anapanga makopo dukani. Sheria ya nchi nzima inasema wa miaka 14 na 15 wasizidishe saa 3 siku ya shule, wala 18 kwa wiki ya masomo. Akirudi anataka apewe pole.

Hati yake ya kwanza ya mshahara, hata hivyo, ilininyamazisha. Jina lake, saa zake, na makato ya asilimia 7.65 ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Akauliza kwa hasira, uzee wa nani? Mimi kila kilo niliyochuma ilipimwa kwa nambari ya baba ya mkulima. Mama, aliyetushinda sote kwa kuchuma, naye hakuwa na nambari. Bonasi ya chai ikija, bwana mwenye nambari ndiye anayevaa koti kwenda mjini, na sisi tunangoja tuone atarudi saa ngapi na akiwa katika hali gani. Na bonasi yenyewe, sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kuambulia kidogo kuliko wenzetu wa mashariki.

Kwa kukosa hati kama hiyo, mpwa wangu, mwenye digrii na anayeendesha boda boda Keroka, akiomba kazi anaulizwa tajriba ya miaka mitatu na kukosa la kusema. Amechuma chai tangu darasa la nne. Nikamshauri aiandike kwenye wasifu wake, na miaka yote aiweke.

“Mjomba, wakiuliza nani alikuwa ameniajiri, niseme nyanya?”

Nikamwambia ndiyo, na nambari ya simu ya nyanya aiweke kwenye orodha ya warejelewa. Ila ajiandae: mama anazikumbuka Jumapili zote alizojifanya mgonjwa.