Makofi Yanayochelewa

Mpiga gitaa wa dansi huishi kwa kujibiwa. Katika kumbi za Babati nilizokulia kimuziki, miaka ya themanini, jibu lilikuja kabla hujamaliza kusema lako. Solo ikianza kupanda, viti vinaburutwa, mtu anasogea mbele na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Na wimbo usiowaingia, unawaona wanarudi mezani mmoja mmoja. Mchana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Jumamosi usiku mpiga rizim. Bendi yetu ilikuwa na nyimbo chache zake yenyewe. Nyingine zote tulikopi: za bendi ya Mlimani Park, za bendi ya Maquis, na za Mbaraka Mwinshehe, ambaye ajali ya gari ilikuwa imemchukua Mombasa mwaka 1979, lakini Babati hapakupita wiki bila watu kumcheza.

Mji ulikuwa wa njiani, barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma ikiupasua katikati, Mlima Kwaraa upande mmoja na ziwa la viboko upande mwingine. Kutoka Arusha ni kilomita zipatazo 170, na enzi hizo safari ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilifika kwa nadra. Tulizipata kwa redio, na redio ya Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kukopi wimbo ilikuwa kazi ya kundi: tunaizunguka redio, mmoja anaandika ubeti wa kwanza, mwingine wa pili, mpiga besi anafuata besi peke yake, halafu tunasubiri wimbo upigwe tena siku nyingine ili tuzibe mapengo.

Nalieleza hili kwa sababu vijana wanaonikuta nikipiga mbele ya kompyuta hudhani kumpigia mtu usiyemwona kumeanza juzi. Nyimbo nyingi tulizozipenda zilirekodiwa katika studio ya redio, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni bila mchezaji hata mmoja. Mwimbaji alimaliza ubeti asisikie kofi. Jibu lake lilikuwa bado njiani: barua, kadi za salamu, maombi ya wimbo yaliyopitia posta. Na bado ukisikiliza rekodi zile utaapa kuwa ukumbi umejaa. Wale watu walijua kumwona msikilizaji kwa moyo, na mimi naamini ufundi huo ulikuwa mkubwa kuliko wa vidole.

Bendi yetu haikufa siku moja. Radio One ilianza mwaka 1994, nyingine zikafuata, masikio ya mji yakatawanyika. Kisha ikaja bongo fleva, kisha sherehe zikawa zinaendeshwa na mtu mmoja mwenye kompyuta na spika mbili. Mpiga dramu alihamia Singida. Mwimbaji aliokoka akaingia kwaya. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu, zilikuja ofisi, na nyuma ya ofisi zikaja hoteli, na hapo mimi na mpiga besi tukapata riziki ndogo. Tulikuwa wawili tu, tukipiga wakati wa chakula cha jioni, wageni wengi wakiwa watalii wanaotoka au wanaokwenda Tarangire. Hawakucheza. Walipiga makofi ya adabu, tukashukuru, tukaendelea.

Machi 2020 hata hayo yalikoma. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyekuwa Arusha, alitangazwa tarehe 16, na siku iliyofuata Serikali ikafunga shule na kuzuia mikusanyiko ya burudani. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa. Ziliporuhusiwa tena Mei, wageni hawakurudi nazo. Hoteli ilituambia tusubiri kuitwa.

Nilianza kama wengi walivyoanza, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa, nikapiga laivu ya Facebook. Ndugu walikuja, na wanafunzi wangu wa zamani walioko Dodoma na Mwanza. Mioyo ilipanda pembeni ya kioo ikapotea juu. Nilifurahi, ila kitu kilikosekana na ilinichukua muda kukijua: waliniona mimi, lakini wao kwa wao hawakuonana. Dansi haichezwi hivyo. Mtu huinuka kwa sababu jirani yake ameinuka. Na picha ilikula bando vibaya, saa moja ikimeza karibu gigabaiti nzima.

Binti wa dada yangu, anayefanya kazi Uholanzi, aliniangalia jioni moja kisha akanipigia.

“Shikamoo Mjomba. Mbona unapigia ukuta?”

“Marahaba. Sasa mwanangu, nipigie wapi?”

Ndipo akanieleza habari za Second Life. Ni dunia ya kwenye kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Si mchezo wa kushindana. Mtu hujiundia avata, mwili wa kuingilia, kisha hutembea, hununua kiwanja, hujenga, hufungua klabu. Wanamuziki waliingia humo mapema. Mwaka 2006 hata Suzanne Vega, mwimbaji wa Marekani mwenye jina kubwa, alipiga humo moja kwa moja akiwa na gitaa. Na Aprili 2020 magazeti yalikuwa yakimwandika Travis Scott, aliyetokea ndani ya mchezo wa Fortnite mbele ya watu zaidi ya milioni 12 kwa wakati mmoja. Nililitazama lile onyesho baadaye. Ni kazi kubwa ya macho, lakini sauti na miondoko vilikuwa vimeandaliwa kabla, na hakuna mtu katika mamilioni yale aliyeweza kumfanya arudie kiitikio. Kwangu mimi tamasha ni pale msikilizaji anapoweza kubadilisha wimbo.

Nilinunua kompyuta ya mtumba Arusha. Chumba kilichoachwa na watoto waliokwisha kuoa na kuolewa nikakigeuza: magodoro mawili ukutani, trei za mayai nyuma ya maikrofoni, kanga nzito dirishani. Kilichobaki bila dawa ni bati. Mvua ya masika ikianza kudunda juu hakuna mashine ya kuinyamazisha, na nimezoea kuwaambia watu mapema kwamba leo tuna mpiga tumba mwingine.

Jinsi onyesho la humo linavyofanyika ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Picha yangu haisafiri kabisa. Sauti ya gitaa na ya mdomo huingia kwenye miksa, kisha kwenye kompyuta, na kutoka hapo hupelekwa kwenye seva, kama stesheni ndogo ya redio. Mwenye kiwanja ndani ya Second Life huandika anuani ya seva hiyo kwenye mipangilio ya kiwanja chake, na kila avata aliyesimama ndani ya mipaka husikia. Akivuka mpaka, kimya. Ile avata yangu jukwaani inapiga gitaa kwa miondoko iliyopangwa. Vidole vyake havijui mimi napiga nini. Sauti peke yake, kwa ubora wa kutosha, haifiki megabaiti 60 kwa saa. Kinachokula ni kuipakua dunia yenyewe, miti, kuta na nguo za watu, lakini ukishafika mahali mara moja kompyuta huhifadhi sehemu kubwa, hivyo nilikuwa nikitangulia kuingia ukumbini kwa bando la usiku, kabla ya siku ya onyesho, ili vitu vijipakue.

Saa ya dunia ile ni saa ya California. Adhuhuri yao, wanapokuwa wamesogeza saa mbele, ni saa nne usiku Babati; Novemba wakishazirudisha nyuma inakuwa saa tano. Kwa hiyo mji ulipokuwa unalala ndipo mimi nilipokuwa nafunga mlango na kukaza nyuzi.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kuchelewa. Sauti inapopita kwenye seva hukaa kidogo kabla ya kusukumwa, ikamfikia msikilizaji baada ya sekunde kumi, ishirini, hata thelathini, kila mmoja kwa wakati wake. Lakini maneno wanayoandika yananifikia papo hapo. Basi nikimaliza wimbo, chumba kinabaki na sauti ya feni ya kompyuta. Naanza kusema asanteni, wao bado wako ubeti wa mwisho. Naanza wimbo wa pili, ndipo makofi ya wa kwanza yanapoanza kumiminika kwenye kioo, moja moja, kufuatana na umbali wa kila mtu. Maonyesho ya mwanzo nilitoka jasho. Nilijikuta nakimbiza mapigo, kwa sababu mwili uliozoea ukumbi ukikosa jibu huharakisha.

Dawa niliipata kwa kuwakumbuka watu wa Barabara ya Pugu. Nikaacha kusubiri. Baada ya kila wimbo napiga kipande kirefu cha gitaa tupu, tulivu, cha nusu dakika au zaidi, kinachotoka wimbo huu kwenda ule. Kipande hicho kinawapa nafasi wamalize kusikia, waandike, na mimi nisome huku mkono ukiendelea. Mtu akiomba kitu, nakiingiza humo humo. Vipande vile vimekuwa ndiyo sehemu ninayoithamini zaidi katika upigaji wangu wote, na nisingevibuni katika ukumbi wowote wa miguu na viti.

Avata 30 ni umati mzuri. Zikizidi 40 kiwanja huanza kuwa kizito, watu wanatembea kwa kukwama. Wachache wao huwa Waswahili: wa Muscat, wa London, Mkenya mmoja wa Minnesota anayeomba zilipendwa tu. Wengi hawajui hata neno la lugha yetu. Kuna mama wa Ulaya aliyeniandikia kwamba miguu yake haijamnyanyua kwa miaka mingi, na kwamba wimbo wangu mmoja wa rumba ameucheza mpaka mwisho. Ninaposikia mtu akisema dunia zile ni za wavivu waliokimbia maisha, namkumbuka huyo mama, na hamu ya kubishana inaniishia.

Na kutunza kumo. Chombo cha tuzo husimama mbele ya jukwaa, mtu anakigusa, kiasi na jina vinatokea wote wakaona, kama ilivyokuwa noti kwenye paji la uso. Fedha ya humo ni dola ya Linden, takriban 250 kwa dola moja ya Marekani, kwa hiyo tuzo ya 500 inayoonekana kubwa ni dola mbili. Kuitoa ndiyo ilikuwa kazi. Huduma ya kulipana mtandaoni iliyotegemewa iliniruhusu mimi niliye Tanzania kulipa, isiniruhusu kupokea. Mpwa wangu alipokea kwa niaba yangu, akanitumia kwa simu. Sijajenga nyumba kwa fedha hizo. Zimelipa bando, nyuzi na umeme, na miezi mingine ada ya mjukuu.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukadhoofika nchi nzima kwa siku kadhaa. Sisi tulio mlimani, mbali na bahari, tulijua siku hiyo kwamba uzi wetu unapita chini ya maji. Mtandao uliporudi nilikuta watu wameniachia salamu ukumbini, kwenye kiwanja kitupu, wakiuliza kama niko salama.

Lililobaki lilikuwa bendi. Nilitamani mpiga besi wangu tupige pamoja, yeye kwake Bonga, mimi kwangu Maisaka, hapa hapa Babati. Tulijaribu, ikashindikana kabisa. Jukwaani, mkiachana mita tano, sauti inayokwenda mita 340 kwa sekunde humfikia mwenzako kabla sikio halijagundua pengo. Mtandaoni sauti yake ilinifikia imechelewa, nami nikachelewa kumfuata, naye akachelewa kunisubiri, mpaka wimbo ukasimama. Msikilizaji anaweza kungoja nusu dakika na asidhurike. Mpigaji hawezi kungoja hata kufumba na kufumbua.

“Mwalimu,” akasema kwenye simu, “ngoja nije huko huko.”

Alikuja na bodaboda, besi mgongoni. Mwezi uliofuata mpiga dramu alirudi kutoka Singida kuishi na mwanawe, akaja na tumba moja. Chumba kile cha magodoro hakitutoshi, tumehamia sebuleni na mke wangu ametoa kauli moja tu, kwamba tumalize kabla ya saa sita. Miaka zaidi ya ishirini hatukuwa tumepiga watatu mahali pamoja. Babati haikutukutanisha, hoteli haikutukutanisha. Waliotukutanisha ni watu wa California na Muscat waliotaka kusikia besi.

Kwa sasa tunabishana juu ya kukaa. Mpiga dramu anataka sote tuielekee kompyuta ili tusome wanachoandika. Mpiga besi anasema rumba haishikiki usipomwona mwenzako bega lake. Nimempa mpwa wangu kazi ya kusoma maandishi kule Uholanzi na kuninong’oneza sikioni kwa simu nyingine, na viti vyetu vitatu tumevigeuza vitazamane.