Windows mpya na ndege zangu za mezani

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za wateja zimenibana. Leo tuziweke kando lugha za programu tuzungumzie ugonjwa wangu wa miaka mingi: kurusha ndege kwenye tarakilishi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasomea urubani pale Wilson. Kila saa moja ya kuruka na mwalimu ni pesa nyingi, na familia nzima inachanga. Kwa hivyo jioni huja kwangu kurudia kwenye Flight Simulator X yale aliyofanya asubuhi: orodha ya ukaguzi, mzunguko wa uwanja, kutafuta kituo cha redio. Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, Cessna 172 hupanda kwa uvivu jua likiwaka, na rubani asipopunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, injini haitoi nguvu yake yote. FSX, programu ya mwaka 2006, inalijua hilo. Si mchezo wa watoto.

Sasa, Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 4. Orodha ya Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7, tena inataka TPM 2.0. Kijana akaniuliza, "Mjomba, tukinunua mashine ya Windows 11, ndege itaruka vizuri zaidi?" Nilitaka kumjibu palepale, nikaona afadhali nikae nikumbuke. Swali hilo nimewahi kujiuliza mara tatu, na majibu hayakuwa sawa.

Mara ya kwanza ilikuwa 2007, Vista ilipotoka. Sisi wapenzi wa ndege tulikuwa na sababu ya kuitamani: DirectX 10 haikupatikana kwenye XP, na picha za maji yanayometa zilituchanganya akili. Nilikuwa na RAM ya gigabaiti 1. Nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini, sitataja duka, akafuta diski nzima na kuweka Vista. Sikuwa nimetoa nakala ya akiba. Kosa langu, nimelimeza. Nilipowasha FSX, pale nilipokuwa nikipata fremu 17 kwa sekunde nikawa napata 12, kwa sababu Vista na simuleta walikuwa wakigombea gigabaiti ile moja kama mapacha kwenye titi moja. Halafu joistiki yangu ya mtumba ilikuwa na plagi ile pana ya pini 15, ya mlango wa zamani wa michezo, na Vista haikuutambua tena mlango huo. Nikarusha ndege kwa kibodi miezi miwili. Aliyewahi kutua kwa kibodi ananielewa. Na ile DirectX 10? Ilikuja kwenye Service Pack 2 mwishoni mwa mwaka huohuo, ikaandikwa wazi kwamba ni ya majaribio. Nikarudi XP.

Mara ya pili ilikuwa 2010, na hapa nataka tukae kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimenunua nyongeza nyingi: mandhari ya viwanja, milima iliyochorwa upya, ndege nzito yenye vifaa vyote vya chumba cha rubani. Siku moja nikatoka Johannesburg kuja Nairobi, safari ya karibu saa nne, na mimi nilizikaa zote kitini. Nimeshateremka, magurudumu yako nje, Mbuga ya Nairobi iko chini yangu, njia ya JKIA naiona mbele. Spika ikalia kengele: "ding". Ikalia tena. Kisha ujumbe ukatokea kwamba tarakilishi imeishiwa kumbukumbu, na FSX ikajifunga. Saa nne zimeenda na maji. Wiki iliyofuata nikarudia safari ileile, ikafia palepale.

Nikaongeza RAM. Haikusaidia hata kidogo, na sababu yake ndiyo kiini cha jambo hili lote. FSX ni programu ya biti 32. Hebu fikiria masanduku ya posta: hata posta ikijenga ukumbi mkubwa kiasi gani, kama nambari za masanduku zina tarakimu chache, hutaweza kugawa masanduku zaidi ya nambari zilizopo. Kwa biti 32 unapata anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Windows ya biti 32 kwa kawaida huchukua nusu kwa matumizi yake na kuiachia programu gigabaiti 2. Mandhari ya Johannesburg yalichukua sehemu yake, Kilimanjaro sehemu yake, na nilipofika Nairobi masanduku yalikuwa yamekwisha, RAM yangu mpya ikiwa imekaa bure.

Windows ya biti 64 inabadilisha hesabu hiyo. Programu ya biti 32 iliyotiwa alama kwamba inaweza kutumia anwani kubwa huachiwa gigabaiti zote 4, na FSX yenye Service Pack 2 ina alama hiyo. Nikaweka Windows 7 ya biti 64, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe. Kaunta ya fremu haikusogea: kilichokuwa 20 kikabaki 20. Lakini nilitoka Johannesburg nikatua Nairobi, nikaegesha ndege nikazima injini. Nilimwita mke wangu aje aone. Alitazama ndege iliyosimama kwenye skrini, akauliza kama nimekula.

Haikuja bila karaha zake. FSX kwenye Windows 7 ya biti 64 ilijulikana kwa kuanguka ukifungua menyu mara nyingi, na dawa iliyozagaa duniani kote ilikuwa kuweka faili moja la Vista, uiautomationcore.dll, ndani ya folda ya FSX. Tena nilijifunza kutosakinisha simuleta ndani ya Program Files, maana tangu Vista folda hiyo inalindwa, na nyongeza zinazotaka kuandika humo hugonga ukuta. Na nilipoteza ndege moja kabisa. Kampuni ndogo iliyoiunda ilikuwa imefunga, seva yake ya leseni haijibu, na ufunguo wangu haukukubalika tena. Nililipia, risiti ninayo, ndege sina.

Mara ya tatu ilikuwa Windows 10, mwaka 2015. Kwa FSX sikuona faida wala hasara ya maana. Ila rafiki yangu mmoja aliyekuwa bado na FS2004 ya CD alikwama, kwa sababu Windows 10 haina draiva ya SafeDisc, ule ulinzi uliokuwa ukikagua diski. Mchezo mzima, diski halisi mkononi, na hauwaki.

Basi turudi kwa kijana na Windows 11. Kwa bahati, mteja mmoja aliniletea mashine yake niitoe Windows 10 niiweke 11. Nikamwomba ruhusa, nikaweka FSX kabla ya kazi: Cessna, Wilson, saa sita mchana, hali ya hewa tulivu, mipangilio ileile. Ukibonyeza Shift na Z unaona fremu. Zilikuwa 31 hadi 33. Nikaipandisha hadi Windows 11 bila kufuta kitu, nikarudia. Zilikuwa 31 hadi 33. Kijana alisikitika, mimi nilifurahi, kwa sababu ndivyo hesabu ilivyotaka. Masanduku ni yale yale gigabaiti 4. Kazi kubwa ya FSX inafanywa na kiini kimoja cha prosesa, hata baada ya Service Pack 1 kugawa upakiaji wa mandhari kwa viini vingine, na mfumo endeshi mpya haukiongezei kiini hicho kasi. Tena ukisakinisha Windows 11 upya inaweza kuja na ulinzi wa kumbukumbu umewashwa, ambao Microsoft wenyewe wamekiri kwamba unaweza kupunguza kasi ya michezo.

"Na ile mpya je?" akauliza. Microsoft Flight Simulator 2024 inafanya kazi kwenye Windows 10 na 11 zote mbili. Ni ya biti 64, kwa hiyo shida ya masanduku haipo. Lakini inapendekeza RAM ya gigabaiti 32, na sehemu kubwa ya dunia yake inaletwa kwa intaneti unaporuka: megabiti 10 kwa sekunde ndicho kiwango cha chini, 50 ndicho kinachopendekezwa. Kwa mtu anayenunua bando kama mimi wakati mwingine, kikwazo si Windows. Ni bando, ni kadi ya grafiki, na ni stima kupotea saa mbili usiku.

Kilichonisumbua kweli ni kitu kingine. Mashine hiyohiyo ya ndege ndiyo ninayofanyia kazi. Ina misimbo ya wateja, nywila, na funguo za mifumo ya malipo. Kuiacha kwenye Windows isiyopata masasisho ya usalama ni kuacha mlango wazi usiku. Ndiyo, Microsoft walitoa masasisho ya ziada kwa anayejiandikisha, hadi Oktoba 13, 2026, lakini huko ni kununua muda tu. Kwa upande mwingine, kununua mashine mpya ni kuchukua hela zinazotosha saa kadhaa za kijana angani. Na kuhamisha FSX ni kucheza kamari na leseni za nyongeza ambazo waliozitoa baadhi yao hawapo tena.

Nilichofanya ni kununua SSD ndogo pale Luthuli Avenue, nikaweka Ubuntu, na kazi zote za wateja zikahamia huko. Diski ya zamani yenye Windows 10 na FSX imebaki kama ilivyo, na ninapoiwasha nachomoa waya wa mtandao na diski ya kazi kwanza. Ndege hazihitaji intaneti. Kwenye Ubuntu nimeweka FlightGear, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na X-Plane 12 nayo ina toleo la Linux nikipata pesa. Kijana hapendi FlightGear, anasema vitufe vyake haviko pale alipovizoea. Mimi naipenda kwa sababu nikiona kosa naweza kufungua msimbo nikalitazame, ingawa kusema kweli bado sijarekebisha hata moja.

Kama wewe una sababu yako ya kuhama, hama, lakini usifanye kama nilivyofanya 2007. Nakili folda nzima ya FSX na lile faili la fsx.cfg. Andika funguo zote za nyongeza kwenye karatasi. Hakikisha usukani au joistiki yako ina draiva ya Windows unayoiendea. Nyongeza iliyo na kitufe cha kurudisha leseni, irudishe kabla ya kufuta chochote. Na kama diski inatosha, weka Windows mpya kwenye diski nyingine, uache ya zamani pembeni mpaka utakapotua salama mara kadhaa.

Kijana ana mtihani wake wa nadharia mwezi ujao. Jana usiku alifanya mizunguko sita ya Wilson, akasahau mafuta mara moja tu. Mpaka amalize mtihani, mashine hiyo hakuna anayeigusa kwa bisibisi, nikiwemo mimi.