Kilima cha Chaki

Inspekta mmoja mstaafu wa polisi kutoka Uganda alifunga safari mwezi wa Julai, yeye na mkewe, kwenda kumtazama binti yao ambaye ni muuguzi kusini mwa Uingereza. Siku ya mapumziko binti akawachukua kwa gari hadi Old Winchester Hill, kilima kilichomo katika jimbo la Hampshire, ambacho ni hifadhi ya taifa ya viumbe na mimea.

Mzee alitazamia lango, askari wenye bunduki, na angalau nyati mmoja. Hakukuta hata kimoja cha hivyo. Palikuwa na nyasi fupi zilizotambaa mteremkoni, upepo, na juu kileleni boma la udongo lililojengwa na watu wa kale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

"Hifadhi yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo hii unayoikanyaga, Baba."

Chini ya nyasi hizo udongo ni haba mno. Ukichimba kidogo tu unakutana na mwamba mweupe wa chaki. Walimu wataikumbuka chaki ya ubaoni, ingawa nyingi ya siku hizi hutengenezwa kwa jasi. Chaki ya kweli ni mabaki ya viumbe vya baharini, vidogo hata havionekani kwa jicho, vilivyozama chini ya bahari iliyoifunika nchi hiyo zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Maji ya mvua huupenya mwamba huo upesi, na ardhi ya juu hubaki kavu, tena maskini wa rutuba.

Mkulima angeidharau ardhi ya namna hiyo. Lakini umaskini wake ndio utajiri wake. Penye mbolea nyingi, majani mawili matatu yenye nguvu huinuka na kuyafunika mengine yote. Penye njaa hakuna awezaye kumdhulumu mwenzake, na wanyonge wote hupata nafasi. Katika malisho mazuri ya chaki mita moja ya mraba yaweza kuwa na aina 40 za mimea. Mama alitandika leso yake chini, akapiga magoti, akaanza kuhesabu aina za majani zilizoizunguka. Alifika kumi na saba, akakatizwa na vipepeo.

Walikuwa vipepeo vidogo vya rangi ya samawati, waliopauka kama anga la asubuhi. Viwavi wao hula mmea mmoja tu, wa jamii ya kunde, wenye maua ya manjano na maganda yaliyojikunja mfano wa viatu vya farasi. Kiwavi hutoa majimaji matamu. Sisimizi huyapenda, na kwa ajili hiyo humlinda kiwavi dhidi ya adui zake. Mlinzi na mlindwa, kila mmoja na posho yake!

Kando ya njia palikuwa na tangazo la kuwaonya watu wasipotoke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilima hicho kilitumika kwa mazoezi ya mota, na yasemekana yamo mabomu ambayo hayajalipuka. Mzee alilisoma mara mbili, akamvuta mkewe karibu.

Kisha wakawaona kondoo. Walikuwa wengi, wakila kwa utulivu ndani ya hifadhi, wala hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Jambo hilo lilimshangaza mzee kuliko mabomu. Katika utumishi wake aliwahi kutumwa, yeye na askari wake, kuwatoa wafugaji na ng'ombe wao katika hifadhi. Aliitekeleza amri, na vilio vya siku ile angali akivikumbuka. Akamwendea mhifadhi aliyekuwa akitengeneza ua wa waya, akauliza, binti akifasiri, kondoo hao ni wa nani.

Mhifadhi akajibu kwamba wameletwa makusudi. Nyasi hizo si kazi ya maumbile peke yake; ni kazi ya wachungaji na meno ya mifugo kwa maelfu ya miaka. Wakiondolewa, majani huinuka, kisha miiba, kisha msitu, na maua yote hufa kivulini. Mwaka 1953 maradhi ya sungura yaliingia Uingereza, yakawaua karibu wote katika miaka michache, na miteremko mingi ambayo kondoo walikuwa wamekwisha kuondoka ikageuka vichaka.

Akawasimulia pia habari za kipepeo mwingine wa samawati, mkubwa zaidi, ambaye kiwavi wake hulelewa ndani ya kichuguu cha sisimizi wa aina moja tu. Watu waliompenda walidhani adui ni wakusanyaji wa vipepeo, wakazungusha ua. Ua ukawazuia wakusanyaji, ukazuia na mifugo. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wale wakatoweka. Mwaka 1979 kipepeo huyo alitangazwa kwisha Uingereza, na wa leo ni uzao wa wale walioletwa kutoka Sweden katika miaka ya 1980, baada ya wataalamu kuitambua siri ya sisimizi.

Malisho makubwa kuliko yote ya chaki yaliyosalia kaskazini-magharibi mwa Ulaya, akaendelea, yamo mikononi mwa jeshi. Yako katika uwanda wa Salisbury, ambako jeshi lina hekta kama 38,000, ardhi ambayo lilianza kuinunua mwaka 1897. Kwingineko majembe ya trekta yaliigeuza ardhi kuwa mashamba; huko mizinga iliyazuia majembe. Hata katika madimbwi yanayoachwa na minyororo ya vifaru huishi kamba wadogo wa maji baridi, na tangu mwaka 2004 wamerudishwa tandawala wakubwa, ndege waliokwisha Uingereza tangu mwaka 1832.

"Kwa hiyo na kwetu tuwarudishe ng'ombe?" Mama akauliza.

Mzee hakujibu upesi. Kwao wapo nyati, swala na viboko wa kula majani. Hapa walaji wa asili walikwisha zamani, na kondoo ameshika zamu yao. Hilo alilieleza. Lakini akatoa kijitabu mfukoni, kama afanyavyo kila askari aliyezoea kazi, akamwomba mhifadhi ataje wanaingia kondoo wangapi, mwezi gani, na hutolewa lini. Akaandika yote, akaweka tarehe.