Barua ya Kuonyesha Uko Darasani

Kwenye kozi yetu ya Elimu ya Watu Wazima kuna swali linarudi kila semina: mtu mzima anarudi shule kwa sababu gani? Tunajibu kama tulivyokariri, kisha mtu wa viti vya nyuma anatupia lake: "Wengi wanataka cheti tu." Darasa zima linacheka. Mimi siku hizi sicheki. Nina ndugu wawili, watoto wa mama mdogo, ambao kwao karatasi ya darasani ilibeba swali la kubaki nchini au kufukuzwa.

Mama mdogo alihamia Columbus, Ohio, mwaka 2004, dada akiwa na miaka 11 na kaka miaka 5. Viza ya matembezi ikaisha, wakabaki. Kuingia shule hakukuwa na shida, maana tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe, shule za umma haziwezi kumkataa mtoto eti hana vibali. Shida inaanza unapokaribia kumaliza. Kazi halali huruhusiwi, mkopo wa chuo wa serikali kuu huupati. Dada akajiuliza anasoma ili iweje, akaacha akiwa darasa la 11.

Tarehe 15 Juni 2012 serikali ya Obama ikatangaza mpango unaoitwa DACA. Haukutoa uraia wala ukaazi wa kudumu. Ulikuwa ni serikali kukuambia: kwa miaka miwili hatutakuondoa, na unaweza kuomba kibali cha kazi, kisha uhuishe. Ilibidi uwe uliingia kabla ya kufikisha miaka 16, uwe chini ya miaka 31 siku ya tangazo, uwe umeishi kule mfululizo tangu Juni 2007, na usiwe na makosa mazito ya jinai. Halafu kukawa na sharti la elimu. Ukiacha waliotumikia jeshi, ulitakiwa uwe umemaliza sekondari, au una cheti kinacholingana nayo kama GED, au uko shuleni wakati unaomba.

Hapo kwenye "uko shuleni" ndipo ninapopapenda, kama mwalimu mtarajiwa. Darasa la kujiandaa na GED nalo lilihesabiwa, mradi liwe darasa linalotambulika, kwa mfano linaloendeshwa kwa fedha za serikali. Aliyeandika kifungu kile alielewa kwamba mtu aliyeacha shule hawezi kuambiwa alete cheti kesho. Anaweza kuambiwa aingie darasani kesho.

GED kwa hapa kwetu ifikirie kama QT ukichanganya na kurisiti: mtihani wa aliyekatika njiani, ulioanzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioacha masomo kwenda vitani. Dada alijiandikisha darasa la bure la jioni, akapata barua ya kuthibitisha kuwa ni mwanafunzi, akaiambatanisha na fomu na ada ya dola 465. Kibali kikatoka. Angeweza kuishia hapo, na sijui nani angemlaumu. Lakini mtihani ulikuwa unabadilishwa Januari 2014, na alama za masomo uliyokwisha kufaulu zingefutika kama hujamaliza yote. Akakimbizana na mwaka 2013, akafaulu masomo yote matano. Leo ni muuguzi msaidizi.

Kaka ndiye anayeniuma. Aliacha shule mwaka 2016. Jamaa mmoja wa kujaza watu fomu, si wakili, akamwambia amalize GED kwanza ndipo aombe. Cheti kwanza! Barua ya darasani ingetosha. Akiwa bado anajikongoja na hesabu, Septemba 2017 serikali ya Trump ikatangaza kuufuta mpango, na waombaji wapya wakafungiwa mlango. Akaacha na darasa.

Mwaka 2020 akarudi. Machi ile shule zetu zikafungwa kwa sababu ya korona, mimi nikiwa kidato cha tano nyumbani, na simu ya mama mkononi. Alikuwa akinipigia saa tatu usiku ya kwao, saa kumi alfajiri ya kwetu, ametoka kuhamisha mizigo ya watu. Mtihani sasa ni wa kompyuta, masomo manne, kufaulu ni alama 145 kwa kila somo. Milinganyo ilimtesa. Nilimfundisha kwa bei ya magunia ya mahindi, akaniambia hajawahi kuona gunia la mahindi tangu azaliwe. Tukahamia kwenye lita za mafuta ya gari. Hiyo nayo nimejifunza kwake kabla ya mhadhiri yeyote.

Desemba 2020 mahakama ikaamuru waombaji wapya wapokelewe tena. Safari hii dada alimpeleka kwa wakili. Januari 2021 fomu ikaenda na barua ya darasani, dola 495. Mei akafaulu GED. Tarehe 16 Julai 2021 jaji wa Texas akazuia maombi mapya yasiidhinishwe. Fomu zinapokelewa, hazitolewi uamuzi. Ya kaka imo humo mpaka leo.

Sasa wale wa viti vya nyuma wangeniambia: umeona, alisoma kwa ajili ya karatasi, na karatasi haikuja. Sawa. Ila sisi wenyewe tunasaini mahudhurio kwa ajili ya nini, jamani? Bumu likichelewa wiki mbili tu kumbi zinapwaya. Sababu ya kuingia darasani ni kitu kimoja, kinachotokea ukishakaa ni kingine. Kaka alianza kwa kutafuta barua, na kufikia Aprili 2021 alikuwa ananiamsha saa kumi kubishania jibu ambalo kitabu kilikuwa kimekosea. Na kweli kilikuwa kimekosea.

Cheti chake mama mdogo anakiweka kwenye mkoba mmoja na pasi za zamani na risiti ya ile ada. Mwezi uliopita kaka ameniuliza kama najua takwimu, kuna kozi ya jioni anaiangalia. Nimemwambia takwimu ndiyo somo nililopata sapu, atafute mwalimu mwingine.