Bulengo: Fundi wa radio na mashine yake ya kelele

Katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, kulikuwa na kijana mmoja ambaye watu wengi hawakujua jina lake. Walimuita Fundi tu. Alikuwa mtu wa Sake, mji ulio karibu kilometa 25 kutoka Goma. Alikimbia mwezi wa pili 2024, wakati vita vilipokaribia Sake na barabara ya kuelekea Goma ikajaa watu, magodoro, mbuzi na chukudu. Alitoka nyumbani na mfuko mmoja. Ndani yake mlikuwa koleo, bisibisi mbili, chuma cha kulehemu, na radio tatu za wateja ambazo alikuwa hajamaliza kuzitengeneza.

Kambini alitandika kipande cha shitingi mbele ya hema lake, juu ya mawe meusi ya volkano, akaanza kazi. Umeme haukuwepo, na chuma chake kilikuwa cha kutumia umeme. Akachukua msumari mkubwa, akaufunga kwenye mpini wa mti, akawa anaupasha moto kwenye mbabula ya mama jirani. Msumari ukiwa mwekundu sana unaunguza kila kitu. Ukipoa kidogo ndipo unayeyusha eteni vizuri. Eteni yenyewe hakuinunua, aliikwangua kwenye radio zilizokufa.

Kazi haikukosekana. Watu walitaka kujua barabara gani imefungwa, kijiji gani kimeshikwa, nani ametangaza nini. Radio ikinyamaza, familia inabaki kumuuliza jirani, na jirani naye anaongeza yake. Kulikuwa na watu waliokosa pesa ya unga lakini wakatafuta pesa ya mawe ya radio.

Zile ambazo hazikuweza kupona zilibaki kwake. Kufika mwezi wa saba alikuwa na rundo la mizoga ya radio nyuma ya hema. Siku moja ya mvua, bila mteja hata mmoja, akaanza kuifungua, akatenga bafle huku, tranzistori kule. Akakumbuka mchoro mmoja wa shuleni. Alisoma miaka minne ya ufundi, sehemu ya umeme, kabla ya pesa ya masomo kukosekana. Mchoro huo ulikuwa wa kile walimu wanachokiita multivibrateri.

Si kitu kipya. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, walikielezea mwaka 1919, na kazi yake inaeleweka bila hesabu nyingi. Ni tranzistori mbili zinazopokezana, kama wanawake wawili wanaotwanga sombe kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Hakuna anayezisukuma, kila moja inaiamsha nyingine. Muda ambao mchi unakaa juu unaamuliwa na vitu viwili: kondasateri, kile kidude kidogo kinachojaa umeme na kuuachilia, na rezistansi, ile inayoubana umeme upite polepole. Ukiunganisha bafle hapo, unasikia kila mchi unapopiga. Michi ikipiga polepole, unasikia pigo moja moja. Ikipiga kwa haraka sana, mapigo yanaungana na sikio linasikia sauti moja ndefu. Baadhi ya vinanda vya umeme vya zamani vilitumia mawazo ya namna hiyo hiyo, na watu wa muziki wanaotengeneza vyombo hivi nyumbani wanaviita sentetizeri za kelele.

Fundi alichukua ubao wa sanduku la sabuni, akapigilia misumari midogo, na kwenye misumari hiyo akalehemu vitu vyake: tranzistori mbili za kutwanga, ya tatu ya kuipa bafle nguvu, rezistansi chache, na kondasateri mbili zilizoandikwa 104. Mawe aliyotumia ni matatu yaliyokwisha kukataliwa na radio. Mawe ya namna hiyo hayawezi tena kuendesha radio kwa sauti, lakini bado yana umeme kidogo, na mashine hii inakula kidogo sana. Mahali pa rezistansi moja hakuweka kitu. Aliacha misumari miwili wazi, ili kidole cha mtu kikigusa yote miwili, ngozi ndiyo iwe rezistansi.

Siku ya kwanza haikulia kabisa. Alikagua kila kiungo mpaka giza likaingia. Asubuhi ndipo alipoona kosa lake. Tranzistori moja ilikuwa C945, nyingine 9014. Kwa macho ni mapacha, lakini miguu yao haikupangwa sawa: mguu wa katikati wa 9014 ndio unaopokea amri, na kwenye C945 mguu huo uko pembeni. Alikuwa amezilehemu kana kwamba ni kitu kimoja. Akageuza miguu ya moja, akaunganisha mawe, akaweka kidole kwenye misumari miwili.

Ikalia: tok-tok-tok-tok-tok.

Fundi akacheka peke yake. Watoto waliokuwa wakirudi na mabidoni ya maji wakakimbilia pale. Akakandamiza kidole zaidi, tok-tok ikaongeza mbio. Na hapo mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama saba, akaanguka kifudifudi kwenye mawe, mikono juu ya kichwa. Hakulia. Alilala hivyo hivyo bila kutikisika.

Mama yake alitoka hemani na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Fundi, zima iyo kitu. Uyu mutoto alishasikia ya kutosha."

Fundi aling'oa uzi wa mawe. Watoto wakatawanyika. Mama akamuinua mwanae, akampangusa magoti, wakaingia ndani.

Familia hiyo ilitoka Sake pia. Tena, ilikuwa haijapita hata miezi mitatu tangu tarehe 3 Mei 2024, siku mabomu yalipoangukia kambi za wakimbizi za Lac Vert na Mugunga, si mbali na hapo. Milio ya silaha nzito ilikuwa ikisikika mpaka ndani ya mahema. Watoto wa kambini walikuwa wamejifunza kutofautisha milio hiyo kabla ya kujifunza kusoma. Fundi alijua hayo yote, naye alikuwa akilala palepale. Lakini alipoweka kidole kwenye misumari, alisikia kazi iliyofanikiwa. Mtoto alisikia Sake.

Ubao ulikaa chini ya godoro siku nyingi. Majirani wengine walisema ni heri. Wakati watu wanalala njaa, walisema, mtu mzima anatengeneza toyi la kelele? Fundi hakuwa na jibu. Aliendelea na radio za watu.

Muzee mmoja aliyekuja kuchukua radio yake ndiye aliyefungua tena mazungumzo hayo. Aliwahi kuishi Kinshasa, na alikumbuka Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1. Mingiedi alikuwa akipiga likembe, chombo ambacho sauti yake ni ndogo, na Kinshasa ni mji wa makelele. Akatengeneza vinasa sauti vyake mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, akaviunganisha na vipaza sauti. Sauti ikatoka imekwaruza na kukoroma, naye hakuificha, akaifanya kuwa muziki wake. Mwaka 2004 ilitoka albamu yao Congotronics, nayo ikawafanya wajulikane zaidi Ulaya. Mingiedi alifariki mwaka 2015. Muzee alimaliza kwa kusema kwamba kelele ya Mingiedi watu waliifuata kwa miguu yao wenyewe, hawakuikimbia. Akalipa, akaenda.

Usiku ule Fundi alitoa ubao chini ya godoro. Shida, aliona, haikuwa mashine nzima. Ilikuwa mwendo wa mapigo. Kidole kikavu kinabana umeme sana, na kwa kondasateri za 104 mapigo yanakuja moja moja, kwa mwendo ule ule wa bunduki ya mbali. Basi alitafuta kwenye rundo kondasateri mbili zilizoandikwa 103. Namba ya mwisho kwenye vidude hivyo inahesabu sifuri: 103 ni ndogo mara kumi kuliko 104, kwa hiyo michi inatwanga haraka mara kumi. Kwa mwendo huo sikio haliwezi tena kuhesabu mapigo, linasikia mvumo. Akaongeza pia rezistansi moja kabla ya bafle ili sauti iwe ndogo. Akaijaribu ndani ya blanketi. Tok-tok ilikuwa imekwisha. Ilivuma kama nyuki ndani ya mtungi.

Asubuhi hakuwaita watoto. Alienda kwanza kwa yule mama, akakaa kwenye bidoni, akamweleza alichobadilisha. Kisha akampa uzi unaotoka kwenye mawe. "Mama, kamata uyu uzi. Ukiutosha, inanyamaza. Ni weye utasema."

Mama aliuunganisha, Fundi akaweka kidole, nyuki akavuma. Mama akautoa, kimya. Akaurudisha. Akautoa tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, akimwangalia mwanae aliyesimama nyuma ya pazia la hema. Kisha akamuita, akamkabidhi uzi ule.

Mtoto hakugusa misumari siku hiyo. Aliwasha na kuzima tu, asubuhi nzima. Siku iliyofuata aliweka kidole. Siku ya tatu aligundua mwenyewe kwamba kidole kilichochovya maji kinafanya nyuki apande mpaka awe filimbi, kwa sababu maji yanapitisha umeme vizuri kuliko ngozi kavu. Baada ya hapo haikuwa tena siri ya hema moja. Watoto waligundua kwamba wawili wakishikana mikono, mmoja akigusa msumari huu na mwingine ule, mashine inalia kwa sauti nzito kuliko ya mmoja. Watatu, nzito zaidi. Kila ngozi inayoongezeka inabana umeme zaidi. Mlolongo ukiwa mrefu mno mashine inakoroma na kunyamaza, na wote wanakimbilia maji ya kulowesha mikono, mpaka akina mama wakaanza kulinda mabidoni yao.

Swali la majirani lilipata jibu upande mwingine. Siku moja Fundi alikuwa na radio isiyotoa hata mkwaruzo. Akachukua uzi wa sauti wa ile mashine, akaweka kondasateri katikati kwa usalama, akagusa sehemu za radio moja baada ya nyingine, akianzia karibu na bafle na kurudi nyuma. Hapa mvumo unasikika, hapa unasikika, hapa haupo. Ugonjwa umejulikana. Mafundi wa zamani walitumia kifaa cha namna hiyo, lakini yeye hakuwahi kuwa nacho. Kazi iliyokuwa ikimchukua siku nzima ikawa ya saa moja. Vijana watatu walioanza kwa kucheza na misumari wakakaa naye kwenye shitingi, wakajifunza kupasha msumari, kutambua miguu ya C945 na ya 9014, na kufuata sauti ndani ya radio mpaka pale inapopotelea.

Mwezi wa pili 2025, baada ya vita kuingia Goma, kambi za kandokando ya mji zilivunjwa. Watu walipewa siku chache tu. Siku hiyo Fundi alikuwa na radio saba za wateja. Alianza na hizo, akizunguka kwenye mahema yaliyokuwa yakibomolewa, akiuliza fulani ameelekea wapi. Nne zilipata wenyewe. Tatu alizifunga kwenye mfuko pamoja na koleo na bisibisi, mzigo ule ule aliokuja nao.

Aliporudi kwenye hema lake alikuta ubao haupo chini ya godoro. Yule mtoto alikuwa ameukalia nje, akisubiri mama yake amalize kufunga vyombo. Fundi alimwangalia mama, mama akamwangalia yeye. Mama akachukua kitenge, akauzungushia ubao, akauweka ndani ya sufuria kubwa, juu ya sahani.

Fundi amerudi Sake, anafanya kazi kando ya barabara. Ametengeneza mashine nyingine, mara hii tangu mwanzo kwa 103. Kwa anayetaka kujaribu, anasema mambo mawili kabla ya yote. Mashine hii ni ya mawe ya radio tu: usiiunganishe kamwe na umeme wa nyumbani wala batri ya gari, kwa sababu ngozi ya mtu imo ndani ya njia ya umeme. Na kabla ya kuiwasha mahali penye watu waliokimbia vita, mpe kwanza jirani uzi wa kuzimia.

Radio mbili kati ya zile tatu zimepata wenyewe. Ya tatu, nyeusi, yenye mkanda mwekundu kwenye mpini, bado iko kwake. Inafanya kazi. Anaiwasha kila asubuhi habari zinapoanza, ili mwenyewe akipita aitambue.