Kopo Lipi, na kwa Nani?

Siku hizi katika maduka ya mjini mtaona makopo makubwa ya unga wa kukorogwa kwa maji au maziwa. Yapo ya namna mbili, na watu wengi hawayapambanui.

Kopo la kwanza ni la protini, yaani chakula cha kujenga mwili, karibu peke yake. La pili ni la kinywaji kinachoshika mahali pa mlo: ndani yake mna vyakula vya kutia nguvu, mafuta, protini, vitamini na madini. Kipimo kimoja cha kopo la kwanza hutoa protini gramu 20 hivi, lakini nguvu yake ni kalori 120 hivi tu. La pili aghalabu hutoa kalori 200 hadi 400. Basi la kwanza huongezwa juu ya chakula; la pili hukaa mahali pa chakula. Asiyejua tofauti hiyo aweza kumlaza mgonjwa na njaa, huku akidhani amemlisha.

Kwetu Ng'ambo jambo hili lilitufika. Mama yangu mzazi, aliyebaki na meno machache, alianza kuacha ugali sahanini, hata kanga zikampwaya. Kijana wetu, mchukuzi wa magunia sokoni, naye alitaka kopo ili apate misuli. Fedha ilitosha kopo moja tu. Apewe nani, na kopo lipi?

Tulijiuliza hivi: huyu amekosa nini?

Kijana hula ugali mara mbili kwa siku, kwa maharage au dagaa. Mtu mzima mwenye afya hutosheka na protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 ahitaji gramu 48 kwa siku. Mwenye kazi nzito aweza kuhitaji zaidi. Lakini kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa gramu 15 hivi, bilauri ya maziwa gramu 8, yai gramu 6, na ugali nao huongeza zake. Kijana huyo hakukosa kitu ila subira.

Mama alikosa mlo mzima. Mwili usiopata chakula cha kutia nguvu huchoma protini kama kuni. Kumpa kopo la protini peke yake ni sawa na kuvunja mlango wa nyumba ili kupikia uji.

Hospitali zalijua jambo hili. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzishiwi protini nyingi. Kwanza hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye protini gramu 0.9 tu katika mililita 100. Akipata nafuu, hupewa F-100 yenye gramu 2.9. Nako Mulago, Uganda, kituo cha Mwanamugimu kilichoanzishwa miaka ya 1960 kiliwafundisha akina mama kupika kitobero: chakula kikuu, maharage au samaki, na mboga, vyote katika chungu kimoja, vyote kutoka nyumbani kwao.

Basi tulimpeleka mama zahanati kwanza, maana mzee akikonda yafaa apimwe kifua kikuu na kisukari. Alipoonekana hana, tuliyaacha makopo yote mawili dukani. Tukampikia uji mzito wa ulezi, wenye maziwa, karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, na kijiko cha mafuta. Kisha papai lililopondwa. Alikula kidogo kidogo mara tano kwa siku. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo tu. Mwezi wa pili kanga zilifungika vizuri, naye akaanza kutugombeza kama zamani.

Angalieni haya. Karanga na mahindi yenye ukungu msiyatumie. Mwaka 2016 watu walikufa mikoani Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Soya isipikwe nusu nusu, maana ikiwa mbichi huzuia tumbo lisisage protini. Asali yetu ya Tabora ni tamu, lakini asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse kopo la protini pasipo idhini ya daktari.

Sisemi makopo hayana kazi. Aliyepasuliwa kinywa, au asiyeweza kumeza kitu kigumu, aweza kuandikiwa kopo la mlo, nalo litamfaa. Lakini wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kufungua mfuko wa fedha, tazameni kwanza sahani ya huyo mnayemnunulia: amebakiza nini, na kwa sababu gani?