Portsmouth au Leicester? Suala la bibi harusi wangu

 

Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti dukani, pini mdomoni, naweka pindo la gauni la bibi harusi, mara akaniuliza kutoka juu: "Dada, wewe si umekaa Uingereza? Bora Portsmouth au bora Leicester?"

Nikazitoa pini. Bwana harusi wake amepata kazi mbili, moja kila mji, na amemwambia achague yeye kwa kuwa yeye ndiye anayetoka kwao. Nilimpenda yule kijana kabla sijamwona. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa mji una bahari, nikafurahi, nikafunga mabegi.

Wasichana wengi ninaowashonea nguo wanaolewa nje, na masuala yao huwa ni visa na baridi. Visa kwa ufupi: tangu Aprili 2024 anayemleta mke Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Tulipokwenda sisi ilikuwa 18,600. Kwa hivyo wengi hawachagui mji, mji unafuata kazi ya bwana. Baridi nayo mtaizoea. Lakini mji wenyewe hakuna anayeuulizia. Kwetu sisi kote ni "UK", mtu akiolewa huko tunaona London ya kwenye televisheni. Nimekaa Portsmouth miaka mitatu na Leicester karibu minne. Kwa gari ni mwendo wa kama saa tatu kutoka mmoja hadi mwengine, na maisha yake hayafanani hata kidogo.

Nianze na Portsmouth, maana ndiko nilikoanza mimi. Uko pwani ya kusini, na sehemu yake kubwa imo ndani ya kisiwa. Wallahi, kisiwa, kinaitwa Portsea, na Waingereza wenyewe hujisifu kuwa ndio mji wao pekee uliojengwa kisiwani. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 208,000, na nyumba zimeshikana kuta mtaa mzima. Ukitembea kidogo unafika Southsea, ufukweni, na ng'ambo unakiona kisiwa cha Wight. Kuna chombo kinachoelea juu ya hewa, kinavuka kwa kiasi cha dakika kumi. Mtu wa Unguja akiyasikia haya anajiona keshafika nyumbani.

Siku ya pili bwana wangu alinipeleka kuiona bahari. Nikavua viatu, maana mimi bahari naijua kwa miguu. Mawe! Pale tuliposimama hapakuwa na mchanga, ni kokoto tupu, ngumu na baridi, na maji ya kijivu, na upepo unaokupiga mtandio usoni mpaka huoni njia. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi wa kwanza nilivunja miavuli miwili, ndipo nikanunua koti refu la kahawia lenye kofia, na koti hilo ndilo lililonilea.

Waislamu wapo Portsmouth. Wengi wao asili yao ni Bangladesh, na msikiti mkubwa umo ndani ya jengo lililokuwa sinema zamani. Watu wema. Ila wao kwa wao wanazungumza Kibengali, na Kiingereza changu cha skuli kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Ramadhani yangu ya kwanza kule iliangukia Juni 2015. Magharibi inaingia karibu saa tatu na nusu usiku, na ukimaliza Taraweh Alfajiri iko mlangoni. Nilikuwa napika tambi na uji wa pilipili manga kama tuko watu kumi, kisha nakula peke yangu, bwana wangu yuko bandarini anahudumia zile meli kubwa zinazopeleka watu na magari Ufaransa na Hispania. Nilikuwa napiga simu nyumbani nisikie tu vishindo vya sahani.

Februari 2017 baba yangu alifariki. Nilipata habari kwa simu, asubuhi, nimesimama jikoni. Bwana wangu alikuwa zamu mpaka usiku. Mashoga zangu, mnajua nyumba ya msiba ya kwetu ilivyo: kabla hujamaliza kulia majirani washatandika mikeka, mtu kakushika, mwengine kakoka moto. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya ndani, mlango umefungwa, mpaka saa tisa mchana. Wakaja wanawake wawili wa msikitini, sijui nani aliwaambia. Wamebeba sufuria ya wali na samaki. Hatukuwa na lugha ya kusikilizana, wakakaa tu pembeni yangu, mmoja akanisomea Yasin. Sitawasahau mpaka naingia kaburini. Lakini walipoondoka, ile nyumba ikawa kimya vilevile, na nikamwambia bwana wangu usiku ule kwamba mimi hapa sikai.

Na niseme na hili, kwa sababu mabinti huwa hamwambiwi: mara moja, niko ufukweni na buibui langu, gari ikapunguza mwendo na mtu akanipigia kelele nirudi kwetu. Mara moja katika miaka mitatu. Haikutosha kuuchukia mji, lakini baada ya hapo nilikuwa nageuka kila gari ikipunguza mwendo.

Tukahamia Leicester mwaka 2018. Leicester iko katikati ya nchi, bahari iko mbali kila upande utakaogeukia. Watu ni zaidi ya 368,000 kwa sensa ileile ya 2021, na karibu robo yao ni Waislamu. Tulipanga Highfields, kwa kodi iliyokuwa nafuu kuliko ya Portsmouth. Siku ya kwanza natoka kununua nyama sikuamini macho yangu. Buibui, niqabu, mitandio ya kila rangi, watoto wanakwenda chuoni na juzuu zao, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia.

Lakini kilichonishika mimi ni Belgrave Road. Enyi mabibi harusi, barabara ile! Maduka ya sari, ya dhahabu, ya vitambaa vilivyotariziwa, yamepangana mpaka unachoka miguu. Mimi fundi cherehani nilikuwa naingia nagusa vitambaa tu, sina hata pauni ya kununua. Siku moja nimeshika lasi naitazama darizi yake, yule bibi wa Kihindi mwenye duka akanisikia nazungumza na simu. Akasema: "Wewe mtu wa wapi? Unguja?" Kwa Kiswahili! Cha Kihindi kidogo, lakini Kiswahili. Yeye kazaliwa Uganda.

Kumbe wako wengi. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda likiwaomba wasije, kwamba mji umejaa. Wakaja. Wengine walikuja kutoka Kenya na kwetu Tanzania. Leo Leicester unauziwa muhogo wa kukaanga kwa pilipili, na wao wanauita "mogo", jina letu wamelikata mkia. Nilipoula mara ya kwanza nilicheka na machozi yananitoka, na si ya pilipili peke yake.

Kazi ilianzia hapo. Jirani alinipeleka kwanza kwenye kiwanda kidogo cha nguo, wakati ule vilikuwa vingi mjini mule, nikaambiwa malipo ya saa ambayo hayafiki kima cha chini cha sheria, tena mkononi, bila karatasi. Muwe macho na hayo. Wanawake wengi wanakubali kwa sababu hawajui kwamba kibali cha mke kinamruhusu kufanya kazi kama mtu yeyote, hana haja ya kujificha. Nilikataa. Nikanunua cherehani kuukuu, nikaiweka karibu na dirisha la chumbani. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Msomali wa nyumba ya tatu, mmoja wa wale waliohamia kutoka Uholanzi. Nikamfupishia abaya nne. Akamwambia dada yake, dada akamwambia wifi yake. Mwaka haujaisha nilikuwa nashona nguo za harusi, lasi nanunua kwa yule bibi wa Uganda, ananipunguzia bei na kunigombeza kwamba nauza rahisi. Ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutuma pesa nyumbani kwa mama kwa jasho langu mwenyewe.

Msidhani Leicester ni pepo. Msikiti uliokuwa jirani kabisa na sisi haukuwa na nafasi ya wanawake. Nimeishi dakika mbili kutoka msikitini na Taraweh nasali chumbani, wakati Portsmouth nilikuwa natembea nusu saa kwenye upepo ila nasali jamaa. Na penye watu wengi maneno ni mengi pia. Nani kaonekana wapi, nani kaachika, mume wa nani hana kazi, yote unayapata kabla hujafika dukani. Kisha tarehe 29 Juni 2020 serikali ikatangaza mji wetu ufungwe peke yake kwa korona, wakati wenzetu nchi nzima wanafunguliwa. Iddi Kubwa ya mwaka ule hatukukaribisha mtu. Hata hivyo, mlangoni nilikuta vyombo saba vya chakula, kila mtu kaweka na kukimbia. Nilivihesabu.

Sasa nikwambieni jambo ambalo sikulisema kwa muda mrefu.

Bwana wangu ni mtu wa Pemba, mtoto wa mvuvi. Portsmouth, siku zake za mapumziko, alikuwa anachukua mshipi anakwenda gatini Southsea. Kiangazi anarudi na samaki wanaofanana na vibua vyetu, kaviringa kwenye gazeti, anaimba tangu mlangoni. Mimi nilikuwa nayaona yale ni mambo ya kitoto. Leicester alipata kazi ghalani, zamu ya usiku, anapakua maboksi. Mshahara haukuwa mbaya. Kidogo kidogo akaacha kuimba. Jumapili anatoka, nikimuuliza anakwenda wapi, ananiambia kutembea tu. Siku moja nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya mto Soar, mikono mfukoni, anayatazama maji yaliyotulia, na mabata. Nikarudi bila kumwita.

Mimi nilikuwa nimejaa wateja, mashoga, vitambaa, nacheka siku nzima. Yeye alihama kwa ajili yangu, hakulalamika hata siku moja, na nilikaa karibu miaka minne bila kumuuliza. Tulipokuja kulizungumza, mwisho wa 2021, nilisema turudi Portsmouth na yeye akasema turudi nyumbani, na mwaka uliofuata tukarudi Unguja. Leo ana ngalawa yake na mshirika wake, mimi nina duka. Yule bibi wa Belgrave Road bado namkumbuka kila ninapokata lasi. Kuna siku nauona uamuzi ule ulikuwa sawa. Kuna siku, hasa umeme ukikatika na nina magauni matatu ya Ijumaa, sioni hivyo.

Yote haya nilimweleza bibi harusi wangu, na gauni bado limo mwilini mwake. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo Leicester, dada?" Nikamwambia: wewe unajua kazi gani ya mikono? Akasema anapaka hina na kusuka. Hapo nikaelemea Leicester kweli, kwa sababu wateja atawapata mtaani kwake bila hata kupanda basi. Nikamuuliza, na bwana harusi anapenda nini, siku ambazo hana kazi? Hakujua. Ndoa bado wiki tatu. Nikamwambia basi usiku wa leo mpigie umuulize hilo, la mji liacheni mpaka mjibizane.

Alirudi juzi kuchukua gauni. Kamuuliza. Kijana anapenda mpira, na anapenda kukimbia asubuhi, pwani, huko aliko sasa hukimbia kando ya bahari kila siku. Ananieleza hivyo huku anajichekea, kama mtu aliyepata siri. "Sasa ndiyo sijui kabisa," akasema.

Nikaingia ndani nikalitoa lile koti la kahawia. Nilirudi nalo na sijui kwa nini, Unguja hii. Nikamwambia mji wowote watakaouchagua litamfaa. Akalivaa palepale juu ya gauni la nikaha, feni inazunguka, jasho linamtoka, akaenda kujitazama kiooni na kofia kichwani. Mikono ilikuwa imempita vidole. Nikachukua pini.